Arzihali ya mjane wa Lamu na "posho ya kisiasa": ilikuwa pensheni? Na jalada lake liko wapi?

Mjukuu_Mkomani

Assalam alaikum jamaa. Nina karatasi mbili za ukoo, nataka kuelewa ni nini hasa.

Ya kwanza ni nakala ya arzihali, yaani barua ya maombi kwa serikali, kwa Kiingereza cha mapambo, imeelekezwa kwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki kwa mkono wa Kolekta wa Lamu. Mwenye ombi ni mjane wa hapa hapa mjini. Anasema marehemu mumewe alikuwa akilipwa rupia 20 kila mwezi, malipo yaliyoitwa posho ya kisiasa, tangu vita vya Witu, ule usultani wa bara karibu na Lamu, vilipotulia. Alipofariki, posho ikakatwa. Anaomba iendelee kwake na kwa watoto wao, mwana mmoja na mabinti wawili, kila mtu fungu lake kwa mujibu wa sharia. Tarehe imeliwa na kunjo la karatasi. Mgongoni kuna mistari minne ya khati za Kiarabu, imefifia. Karatasi ya pili ni jibu la mistari mitatu: ombi limefikiriwa, halikubaliki. Sababu haikutajwa.

Hii posho ilikuwa pensheni au kitu kingine? Arzihali kama hii ilipita mikono gani, na jalada lake nilitafute Nairobi, Zanzibar au Uingereza? La mwisho: kuna watu wanazunguka wakisema warithi wa posho hizi wanaweza kudai malimbikizo kwa Mwingereza, na wanatoza ada ya fomu. Kuna ukweli wowote?

Karani_wa_Majalada

Wa alaikum salaam. Anza na tarehe, maana bila tarehe utalipa nauli ya kwenda kusoma majalada yasiyokuhusu.

Cheo cha Kamishna peke yake kinakuwekea mipaka. Himaya ilitangazwa 1895, na mkubwa wake akaitwa Kamishna hadi 1906, cheo kilipogeuzwa kuwa Gavana. Witu nako: Mjerumani alimwachia Mwingereza kwa mkataba wa 1 Julai 1890, Fumo Bakari, Sultani wa Witu, akapigwa Oktoba mwaka huo huo baada ya Mjerumani Küntzel na wenzake kuuawa, Kampuni ya Kiingereza ikaishika Witu kisha ikajitoa Julai 1893, nduguye Fumo Omari akaendelea kupigana msituni, hadi 1895 alipowekwa Omar bin Hamad kuwa Sultani chini ya ulinzi wao. Basi karatasi yako ni ya kati ya 1895 na 1906. Kolekta naye ni cheo cha miaka ile, baadaye ndipo akaitwa DC.

Katikati ya miaka hiyo kuna mpaka mmoja wa kukumbuka. Hadi 31 Machi 1905 Himaya ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Kuanzia 1 Aprili 1905 ikahamia Wizara ya Makoloni. Nyaraka za wizara hizi mbili hazikai rafu moja, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Sasa swali lako la pensheni. Usitazame malipo yaliitwaje, tazama yalilipwa kwa sababu gani na kutoka fungu gani la bajeti. Liwali, kadhi na mudiri walikuwa na mshahara, yaani malipo ya kazi, na yakaisha kazi ilipoisha. Pensheni ilikuwa ya aliyestaafu utumishi, kwa hesabu ya miezi aliyofanya kazi. Aliyetumikia muda mfupi alipewa kiinua mgongo mara moja, akaaga. Fidia ilikuwa ya kitu kilichochukuliwa, kama ile waliyolipwa wenye watumwa wakati sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kazi 1 Oktoba 1907. Posho ya kisiasa haikuwa lolote kati ya hayo. Huyu alikuwa mtu mwenye jina na wafuasi, mara nyingi wa nyumba iliyotawala. Ushuru wake na heshima zake zimekwenda kwa serikali mpya, naye anapewa fedha za kila mwezi ili akae kimya, akae panapoonekana, asimsaidie aliye msituni. Mimi huiita bei ya utulivu. Masharti ya kawaida yalikuwa mwenendo mwema na kuishi pale serikali inapotaka, na muda wake ulikuwa "kwa ridhaa ya serikali", maneno yenye maana kwamba inaweza kukatwa bila kesi.

Malipo ya aina hii yalikwenda hadi kwa wafalme. Mkataba wa Desemba 1895 ulimpa Sayyid, yaani Sultani, wa Zanzibar pauni 11,000 kwa mwaka kuwa kodi ya mwambao wake. Na tangu hukumu ya 1861 ya Canning, mtawala Mwingereza wa India, Maskati ilistahili dola 40,000 kwa mwaka kutoka Zanzibar. Zanzibar ilipoacha kulipa, serikali ya India ikaubeba mzigo, na malipo yakawa rupia 86,400 kwa mwaka, yaani 7,200 kwa mwezi, kwa sharti Sultani ashike mikataba yake, hasa wa biashara ya watumwa. Rupia 20 za Lamu ni mtoto mdogo wa ukoo huo huo. Kwa kiwango cha rupia 15 kwa pauni, ni pauni 16 kwa mwaka.

Njia ya arzihali: mwandishi wa barua au karani anaandika, mwombaji anatia sahihi au dole gumba, inapelekwa kwa Kolekta. Kolekta anaandika maoni yake pembeni au kwenye karatasi tofauti, anapeleka kwa Naibu Kamishna wa jimbo. Lamu ilikuwa makao ya jimbo la Tanaland. Malindi ilikuwa Seyyidie, chini ya Mombasa. Usichanganye majimbo haya. Kisha kwa Kamishna. Kama mwombaji hakuridhika aliweza kuomba ifike kwa waziri London, lakini kanuni za Wizara ya Makoloni zilitaka ipitie kwa Gavana, bahasha wazi, nakala tatu. Aliyeruka ngazi akaituma moja kwa moja kwa meli alipoteza miezi tu: London iliirudisha kwa Gavana aitolee maelezo kwanza. Jibu lilirudi kwa ngazi zile zile, likasomwa kwa mwombaji barazani, na ndiyo maana ni la mistari mitatu. Sababu zilibaki juu, kwenye maoni ya ndani ambayo mwombaji hakuonyeshwa.

Kwa hiyo ukifika kwenye jalada, soma maoni ya maofisa kabla ya barua. Humo ndimo utakuta "nduguye alikuwa na Fumo Omari" au "ana mashamba kule Hindi, bara ya Lamu, na mnazi wa kumtosha" au "tukimpa huyu watakuja kumi".

Wapi pa kutafuta:

Nairobi, Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki kwenye Moi Avenue. Omba orodha ya DC/LAM (majalada ya DC wa Lamu), halafu PC/COAST (ya mkuu wa jimbo la Pwani). Vitabu vya kumbukumbu za kisiasa vya wilaya vina majina ya wazee, uhusiano wao na wakati mwingine posho zao. Makao makuu ya serikali Nairobi yaliungua 1939, kwa hiyo majalada mengi ya kati ya zamani hayapo. Nakala ya wilaya huenda ndiyo pekee iliyosalia nchini.

Zanzibar, Nyaraka za Kilimani. Usiidharau. Hardinge, Kamishna wa kwanza, alikuwa wakati huo huo Balozi Mkuu wa Zanzibar, na barua za Lamu zilipita mezani kwake kule. Hadi 1900 ningeanza huko kabla ya Nairobi.

London, Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Kabla ya Aprili 1905 tazama mafungu ya Wizara ya Mambo ya Nje: FO 2, na FO 107 kwa barua za Zanzibar za miaka ya 1890. Kuanzia hapo ni CO 533, la Wizara ya Makoloni. Kadi ya msomaji ni bure na kupiga picha kwa simu yako ni bure. Katalogi haitaji kila mwombaji kwa jina, utapata "Barua za Kamishna, Januari hadi Machi" tu, kwa hiyo pitia kwanza madaftari ya kupokelea barua. Ukikuta muhuri kwamba karatasi imeharibiwa kwa mujibu wa sheria, usifunge daftari. Ule muhtasari wa mstari mmoja au miwili, wenye jina, tarehe na uamuzi, ndio ushahidi wako, unakili kama ulivyo.

Kabla ya kutumia hata senti ya nauli, fungua gazeti la serikali. Lilianza 1899, na matoleo mengi ya zamani yamewekwa mtandaoni kwenye Google Books. Tafuta matangazo ya mirathi na ya kuteuliwa kwa maliwali, makadhi na mamudiri.

Binti_Mambrui

Naongeza ya upande wa Malindi, maana wengi hapa wana karatasi zinazofanana na wanadhani habari ni moja.

Karani amesema tazama fungu lililolipa. Tazama na ardhi. Witu ilikuwa nje ya ukanda wa maili kumi, yaani mwambao wa Sultani wa Zanzibar. Ukanda wa Sayyid uliokubaliwa 1886 ulianzia Kipini kwenda kusini, na kisiwa cha Lamu kikahesabiwa chake, baadaye na Manda na Pate pia. Malindi, Mambrui na Takaungu zimo ndani ya ukanda. Mtu aliyekaa Lamu lakini akalipwa kwa sababu ya Witu anaweza kuwa na jalada lililoandikwa Witu, na ukimtafuta chini ya Lamu hutamwona.

Kwa Mazrui wa Takaungu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Vita vya Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, vya 1895 na 1896 vilipokwisha kwa yeye kuvuka kwa Wajerumani, waliobaki hawakufungwa kwa posho peke yake. Suala kubwa lao likawa ardhi, na 1914 ikatungwa sheria ya amana ya ardhi za Mazrui. Sheria hiyo ilifutwa 1989, na kesi zake ni habari ndefu ambayo si ya hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu wa Takaungu asitafute posho kabla hajatafuta ardhi.

Na hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote, hata kwako wewe wa Lamu. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye shamba au kiwanja kwenye mwambao alete dai lake kwa Msajili. Asiyeleta, ardhi yake ilihesabiwa ya serikali. Watu wakaleta, na walipoleta walilazimika kuthibitisha urithi: cheti cha kadhi, majina ya wajane, watoto wa kiume na wa kike, nani alikufa lini. Arzihali ya posho ikiwa imepotea au kuungua, jalada la dai la shamba la mtu yule yule linaweza kukupa ukoo mzima kwa ukurasa mmoja. Kwa Malindi omba pia orodha ya DC/MAL. Kwa wakfu, iko Tume iliyoundwa kwa sheria ya 1900, na mjane aliyekatiwa posho mara nyingi alikuwa na fungu katika wakfu fulani, jina lake likaingia huko.

Tahajia ndiyo adui. Mwingereza aliandika alichosikia: Lamoo, Patta, Siu, Melindi, Vitu. Hamed, Hamid na Ahmed waliweza kuwa mtu mmoja ndani ya jalada moja. Nabahani, ukoo uliotawala Pate, ameandikwa kwa namna nyingi, na nisba ikaangushwa kabisa karani alipochoka. Mwanamke ndiye mgumu zaidi kumpata, kwa sababu jalada limefunguliwa kwa jina la mume au baba. Andika kwenye karatasi kila namna unayoweza kufikiria kabla ya kuingia chumba cha kusomea, na utafute kwa jina la babake mume pia.

Halafu jamani, fedha. Ukikuta malipo yamepanda ghafla miaka ya 1920 hadi 1922, si kwamba serikali iliona huruma. Rupia ilipandishwa thamani kutoka shilingi 1 na peni 4 hadi shilingi 2, kisha shilingi ikachukua nafasi yake. Rupia 20 zilizokuwa pauni 1, shilingi 6 na peni 8 zikaandikwa shilingi 40, na mtu anayesoma harakaharaka anadhani posho imeongezwa.

Wakili_Mwambao

Nijibu la malimbikizo, kisha nirudi kwa mjane, kwa kuwa ombi lake lina kosa la kisheria ambalo maelfu ya waombaji wa dola ile walilifanya, na si kosa la ujinga.

Malimbikizo hakuna. Posho ya kisiasa ilikuwa ya mtu mmoja aliyetajwa, ikafa naye. Haikuwa deni la serikali kwake, kwa hiyo haikuingia katika tirka, yaani mali ya marehemu ya kugawiwa. Hata pensheni ya utumishi, ambayo ina sheria yake na hesabu yake, haikuwa haki kamili: sheria za pensheni za makoloni ziliweka kifungu kinachosema hivyo waziwazi, na kifungu cha namna hiyo kimo hata katika Sheria ya Pensheni ya Kenya, Sura ya 189. Muda nao umepita zamani. Anayewatoza ada ya fomu anauza karatasi. Msimpe pesa, na zaidi msimpe karatasi ya asili "akaithibitishe".

Sasa kosa la mjane. Ameomba rupia 20 zigawiwe kama mirathi. Kwa sharia hesabu yake ni safi: mjane aliye na watoto anapata thumuni, rupia 2 na anna 8 (rupia ni anna 16). Zinabaki 17 na nusu: mwana rupia 8 na anna 12, kila binti rupia 4 na anna 6. Jumla 20. Kadhi yeyote wa Lamu angeitia muhuri. Lakini ofisa aliyeisoma hakuona mali ya kugawa, aliona hisani iliyokwisha. Mjane anasema "fungu letu", serikali inasikia "zawadi yetu". Arzihali nyingi zilianguka hapo hapo kwenye sentensi ya kwanza.

Zilizofaulu zilishika njia nyingine. Hazikudai, ziliomba posho mpya, ya huruma, kwa jina la mtu mmoja, kwa kiasi kidogo kuliko cha marehemu, na zilijaza mambo ambayo ofisa angeweza kuyaandika kama sababu: utumishi wa marehemu kwa serikali kwa tarehe na jina la ofisa aliyemtuma, umri wa mjane, hana mwana wa kumlea, hana shamba, cheti cha kadhi, barua ya liwali. Ombi lililochanganya posho, deni la ushuru, mtumwa aliyetoroka na ugomvi wa kiwanja katika karatasi moja lilikataliwa lote, kwa kuwa kila sehemu ilikuwa ya meza nyingine.

Ugumu huu ulitoka India, kama ulivyotoka sheria nyingi zilizotumika hapa wakati ule. Huko serikali ilikuwa na jeshi zima la wapokea posho wa kisiasa, wafalme waliovuliwa na vizazi vyao. Baji Rao wa Pili, Peshwa (mtawala) wa Wamaratha aliyevuliwa, alilipwa rupia 800,000 kwa mwaka. Alipokufa 1851, mwanawe wa kupanga, Nana Sahib, akanyimwa, akapeleka ombi hadi London kwa mkono wa wakili wake Azimullah Khan, akakataliwa, na 1857 akawa upande wa waasi. Mwaka 1871 India ikatunga Sheria ya Pensheni iliyozifungia mahakama za madai mlango: mwenye malalamiko aende kwa Kolekta, na mahakama isisikilize bila cheti chake. Yaani anayekunyima ndiye anayekupa ruhusa ya kumshitaki. Sheria hiyo hiyo, kwa haki yake, ilimkinga mpokeaji: posho isikamatwe kwa deni, na kuiuza kabla haijalipwa ni batili.

Kuna walioponea, nao ndio wanaoonyesha tofauti. Wenye wasika, yaani posho za kurithi, wa Lucknow wanalipwa hata baada ya uhuru wa India, wengine rupia chache tu kwa mwaka kwa sababu kila kizazi kimegawa tena. Wanalipwa kwa kuwa chanzo chao ni mikopo ya nyumba iliyotawala Awadh kwa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, riba yake ikaahidiwa kwa maandishi kwa vizazi. Palipo na mkopo pana deni, na deni hurithiwa. Basi mkikuta karatasi ya Lamu inayotaja mkopo, rehani au amana, hiyo msiiweke pamoja na posho, ileteni kwa mtu wa sheria.

Sayyida Salme, bintiye Sayyid Said, aliyeolewa Ujerumani akaitwa Emily Ruete, alidai mirathi yake ya Zanzibar kwa miongo, akarudi 1885 na 1888 kuidai. Alichopata mwisho, uzeeni, ni posho ya pauni 100 kwa mwaka. Aliomba mirathi, akapewa hisani.

Mjukuu_Mkomani

Ahsanteni sana. Basi fomu zao hatuzigusi. Nimeangalia tena: jibu lina namba juu kushoto, tarakimu tatu, mkwaju, halafu mwaka unaosomeka 03. Na ile khati ya nyuma nadhani ina neno "mfunguo". Je, inaweza kunipa tarehe? Na karatasi inakatika kwenye kunjo, nifikirie kuipiga lamineshi?

Karani_wa_Majalada

Usiipige lamineshi. Joto na gundi haviondoki tena, na hewa ya chumvi ya hapa itaivimbisha kutoka ndani. Ifungue taratibu siku isiyo ya kaskazi kavu, karatasi ikiwa imelainika kidogo kwa unyevu wa hewa, iweke baina ya karatasi nyeupe safi, juu yake ubao bapa na uzito mdogo. Utepe wa plastiki usiutie kwenye kunjo. Iweke katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, mbali na ukuta wa chokaa unaotoa maji na mbali na mchwa.

Namba ni habari njema. Ile ni namba ya barua katika daftari la ofisi, na 03 ni 1903. Nenda moja kwa moja FO 2, na DC/LAM ya mwaka huo, uombe daftari la barua zilizotoka. Barua zilizotangulia mara nyingi zimetajwa kwa namba zake ndani ya maoni, kwa hiyo ukiipata moja fuata mnyororo kwenda nyuma hadi aliyeidhinisha rupia 20 mara ya kwanza. Barua ya kuidhinisha ina thamani kuliko arzihali, maana ndiyo itakayosema posho ilitolewa kwa nini na kwa sharti gani.

Khati ya nyuma: ipige picha na taa ikiwa pembeni, chini kabisa, wino uliofifia huacha mkwaruzo unaoonekana. Piga na nyingine karatasi ikiwa dirishani, mwanga ukipita nyuma yake. Kwa mahali pale na kwa ombi lile, huenda ni ushahidi wa kadhi au wa mashahidi wawili kwamba huyu ndiye mjane na hawa ndio watoto. Tafuta "bin" na "binti" kwanza, halafu "sana", yaani mwaka kwa Kiarabu, kabla ya tarakimu. Mwaka wa Hijria uliweza kufupishwa, 21 ikawa 1321, na mwaka 1321 ulianza 30 Machi 1903.

"Mfunguo" uisome kwa kalenda yetu. Mfunguo mosi ni Shawali, mfunguo nne ni Muharamu, si Aprili. Mfunguo sita ni mwezi wa Maulidi. Jambo hili liliwaumiza zaidi waombaji wa pensheni za utumishi. Mtu aliyehesabu miaka 33 ya Hijria, daftari la Kizungu lilimpa 32. Aliyesema amefanya kazi miaka 10 kamili alikuwa na miaka 9 na miezi 8 hivi, na pale ambapo miaka 10 ndiyo mpaka wa pensheni, alitoka na kiinua mgongo.

Binti_Mambrui

Kama mwaka ni 1903 na marehemu alikuwa na shamba Hindi au bara ya Lamu, jalada la dai la ardhi litakuwa la baada ya 1908, kwa hiyo mdai humo ni mwana au mmoja wa mabinti, si marehemu. Tafuta kwa jina la mwana kwanza. Na picha ya khati ukiipata vizuri iweke hapa, ukificha majina ya watu. Wako wanaosoma khati za makadhi wa zamani wa Lamu bila shida.